Malka ya Mzaha

Asenath alikuwa na shamba moja na mdomo mmoja, na watu wa kijiji cha Wema hawakuwahi kukubaliana ni kipi kati ya hivyo viwili kilichozaa zaidi. Shamba lilikuwa ukingoni mwa Tana, pale ambapo mto ukifurika huacha tope jeusi, na katika tope lile hata ukichomeka fimbo ya mzee itachipua. Mdomo ulikuwa popote alipokuwa mwenyewe. Mumewe alipofariki, ndugu za marehemu walikuja kuligawa shamba. Akawaambia hana ubishi, ila wagawane watoto kwanza, waanze na yule anayekula zaidi. Walikunywa chai, wakaaga.

Kila siku ya soko alijitwika kikapu cha mahindi mpaka Garsen, akakaa nyuma ya mashine ya kusaga, akamngoja Abdia. Abdia alikuwa Muorma, mke wa mfugaji, mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayembembeleza ndama. Yeye alileta maziwa, Asenath alileta mahindi, wakabadilishana. Biashara yenyewe ingekwisha upesi kama wasingelazimika kutukanana kwanza.

"Maziwa haya umeyapitisha mtoni?" Asenath angeuliza akichungulia kibuyu. "Naona mkia wa kambare."

"Kambare ni zawadi. Sema asante." Abdia angechota mahindi, ayamwage kiganjani. "Na mahindi yako hii? Dudu yake imenona kuliko ng'ombe yangu. Nikisaga nitapata unga ama nyama?"

Wageni waliopita pale walidhani siku moja watashikana nywele. Wenyeji walijua zaidi. Asenath alipolazwa na malaria, ni Abdia aliyetembea mpaka Wema na kibuyu cha maziwa, akakaa mlangoni akamtukana mgonjwa mpaka mgonjwa akaona aibu, akainuka.

Mtu aliyewaona na kufikiri kitu kingine ni Rosina, mwalimu aliyestaafu, mwanamke mdogo wa umbo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa ameanzisha kikundi akakiita Mkeka Mmoja, katika chumba kilichopakana na ile mashine. Unga ulipenya nyufa za ukuta, mtu akijifunza herufi A ndani mle anarudi nyumbani mweupe kama mzuka. Waliketi humo wakulima na wafugaji, mama wa huku na mama wa kule, wakashika kalamu kama wanavyoshika mwiko. Siku za soko walicheza michezo ya kuigiza uwanjani. Na Rosina alikuwa na redio ya kaseti aliyorekodia wazee wa pande zote mbili, kisha akawasikilizisha watu sokoni kwa kipaza sauti, hadi ng'ombe wakageuza shingo.

"Nyinyi wawili," aliwaambia Asenath na Abdia, "ndio somo langu lote. Mnatukanana na hakuna anayechukua panga."

"Panga ni la nini, Mwalimu?" Asenath akasema. "Huyu hana nyama ya kukatwa."

Mwaka tisini na saba, kabla ya mvua, Rosina alileta wazo la kitambaa. Kila kiangazi watu wa mto waligombana juu ya jambo lilelile, yaani malka. Malka ni njia ya ng'ombe kufikia maji, na mfugaji hawezi kuishi bila malka kama vile mkulima hawezi kuishi bila shamba. Taabu ni kwamba Mungu ameviweka vyote viwili kwenye ukingo uleule. Basi Rosina alisema: asiyejua kusoma barua anajua kusoma picha. Tuchore mto wetu, mashamba yetu, malka zetu, kila mtu aone yake na ya mwenzake.

Wanawake walishona vipande vya amerikani hadi vikawa kitambaa kipana kama ukuta wa nyumba. Mchoraji alikuwa Thoya, Mgiriama aliyezoea kuchora mafahali kwenye milango ya bucha, na alichaguliwa kwa sababu hakuwa wa upande wowote. Sheria ilikuwa moja. Brashi haigusi kitambaa mpaka mkulima aseme ndiyo na mfugaji aseme ndiyo. Ndiyo moja haitoshi. Kwa sheria hiyo kazi ilienda polepole kama konokono mgonjwa, lakini ilikwenda, kijiji baada ya kijiji, na watu wakaanza kusema kitambaa kile hakina uongo.

Zamu ya Wema ilipofika, wakulima walimsimamisha Asenath awasemee, nao wafugaji walimleta Abdia. Malka ya pale ilijulikana na kila mtu. Ilipita kwenye miti miwili ya mkoma, mbali na mashamba. Thoya aliichora kwa rangi nyeupe, ndiyo mbili zikasemwa, na ikaonekana kazi imekwisha kabla ya jua kuwa kali. Hapo ndipo Asenath alipoona mahali patupu kwenye kitambaa, karibu na shamba lake.

"Thoya baba," akasema, "nichoree na mimi malka yangu, ipite hapa mlangoni. Nimechoka kufuata maziwa Garsen kwa miguu hii. Ng'ombe wa Abdia waje wenyewe wabishe hodi."

"Ndiyo," Abdia akasema bila kutabasamu. "Na iwe pana. Ng'ombe yangu si ya kupita mlango wa maskini."

"Ndiyo!" Asenath akapiga makofi. "Umesikia, Thoya? Ndiyo mbili."

Thoya naye hakuwa mtu wa kuachwa nyuma na mzaha. Alichovya brashi, akavuta mstari mweupe kutoka mbugani moja kwa moja mpaka kwenye kibanda kidogo, na mlangoni mwa kibanda akamweka mwanamke mnene, mikono kiunoni, akingoja maziwa. Watu walicheka hadi mzee mmoja wa Kiorma akaangusha kofia yake, na kijana wa Wema aliyeinama kumwokotea akashindwa kuinuka kwa kucheka. Rosina alivua miwani akafuta machozi. Alisema mstari huo utafunikwa kwa rangi ya kijani, turudi kwenye kazi. Rangi ya kijani ilikuwa imekwisha. Thoya alisema ataileta kutoka Malindi.

Mvua ikaja kabla yake.

Ilikuwa ile mvua ambayo hata leo ukiitaja mbele ya watu wa Tana wanatazama miguuni kama maji bado yapo. Ilinyesha kama mtu aliyesahau kufunga mlango. Barabara ilizama, Garsen ikawa kisiwa, helikopta zikadondosha unga kwa watu waliokaa juu ya mapaa. Asenath na watoto walihamia kwenye kituta pamoja na mbuzi, nyoka na shemeji yake Gershom, na baadaye alisema kwamba kati ya hao watatu nyoka ndiye aliyekuwa na adabu. Thoya alikwama Malindi, akapata kazi ya kuandika mabango ya hoteli, hakurudi tena. Kitambaa Rosina alikizungushia nailoni akakifunga darini juu ya mashine. Maji yaliyochukua nyumba, maboma na mizinga ya nyuki hayakukifikia.

Maji yalipopungua, homa ikaingia kwenye mifugo. Ng'ombe walitupa mimba, wakaanguka, na mbuga ikanuka mpaka Garsen. Kisha homa ileile ikamchukua mume wa Abdia, aliyekuwa amemchinja ng'ombe mmoja mgonjwa ili asipotee bure.

Asenath alitembea hadi bomani kwao na kikapu cha mahindi. Alikaa chini kando ya rafiki yake na kwa mara ya kwanza hakumtukana. Wakakaa hivyo mpaka vivuli vikageuka. Alipoinuka kuaga, Abdia alitia mkono kikapuni, akayaangalia mahindi kwa muda mrefu. Asenath alikuwa ameyachambua punje kwa punje.

"Umeniletea mahindi bila dudu," Abdia akasema. "Basi ni kweli. Mume wangu amekufa."

Hapo ndipo wote wawili walipolia.

Na mto nao ulikuwa umefanya yake. Tana ina tabia ya mgonjwa asiyepata usingizi, hugeuka kitandani, na safari ile iligeuka vibaya. Iliiacha mikoma miwili mbali na maji, ikaifukia malka ya zamani kwa mchanga na matope mazito ambayo ng'ombe akiingia hatoki. Kisha ikajipinda na kuja kulala karibu zaidi, ikiligusa kabisa shamba la Asenath. Ilimwachia tope jeusi la kina cha goti. Mahindi aliyopanda yalisimama kama askari.

Kitambaa kiliendelea na safari zake. Kilifika Kilelengwani, kikafika hata Chewele huko juu, na kila kilipotandazwa watu walimwuliza Rosina yule mwanamke wa mikono kiunoni ni nani, akacheka, akawaeleza kidogo, akaendelea na somo. Alikusudia kuufunika ule mstari. Lakini picha ile ilikuwa ndiyo inayowafanya watu wasogee karibu, na mwalimu yeyote anajua thamani ya kitu kinachowafanya watu wasogee karibu.

Mvua za mwaka uliofuata hazikuja. Mwanzoni mwa tisini na tisa mbuga ilikuwa rangi ya simba, na visima vilitoa maji ya chumvi. Ndipo asubuhi moja Jibril, kaka yake Abdia, alipokuja mpaka kwenye ua wa Asenath pamoja na wenzake wawili. Waliacha ng'ombe mbali. Walisalimu vizuri, wakakaa walipoonyeshwa.

"Mama," Jibril akasema, "sisi tumekuja kwa ile njia."

"Njia ipi, mwanangu?"

"Ile ya kitambaa. Inapita hapa." Alinyosha fimbo juu ya mahindi, polepole, kama mtu anayeonyesha kaburi. "Malka ya mikoma imekufa. Hii ndiyo imebaki."

Asenath alicheka. Alicheka peke yake. Aliangalia nyuso tatu zilizokauka, akaacha.

Habari zilifika kijijini kabla wageni hawajamaliza maji waliyopewa. Gershom alikuja na vijana na mapanga, Jibril naye akaondoka akirudi nyuma, bila kuwapa mgongo. Chifu alipopata habari aliita baraza ndani ya wiki hiyo, damu isije ikatangulia maneno. Na aliagiza kitambaa kiletwe.

Siku ya soko iliyotangulia baraza, Asenath alikwenda Garsen na kikapu chake. Abdia alikuwepo mahali palepale nyuma ya mashine, kibuyu kikiwa kimelazwa chini.

"Leo hakuna maziwa ya kutukana," Abdia akasema.

Asenath alikaa. Ndani ya chumba cha Mkeka Mmoja sauti za wanawake zilikuwa zikisoma pamoja ba, be, bi, nzito na za aibu.

"Abdia, wewe ulikuwepo. Ile ilikuwa mzaha wetu."

"Nilikuwepo."

"Basi sema tu hivyo kesho. Sema tulicheka. Mimi nikisema, wataniita mwongo anayetetea shamba lake. Wewe ukisema, imekwisha."

Abdia alikishika kibuyu, akakizungusha taratibu. "Ng'ombe yangu iliyobaki, naijua kila moja kwa sauti yake. Asubuhi naita, haisimami. Jibril anainua kwa mkia." Akakilaza kibuyu tena chini. "Mvua ile ilikupa wewe tope. Mimi ilinipa kaburi."

"Nikikosa mahindi yale, watoto wangu watakula nini?"

"Na mimi?"

Waliangaliana. Ungedhani mmoja wao angepata tusi la kuwaokoa. Walikuwa nayo mengi. Asenath aliinuka, akamwachia nusu ya mahindi. Abdia hakuyachungulia.

Baraza lilikaa chini ya paa la banda la mikutano, wakulima kulia, wafugaji kushoto, na katikati uchochoro ambao hata mbwa hakupita. Kitambaa kilitundikwa mbele. Rangi zilikuwa zimefifia kila mahali isipokuwa ule mstari mweupe. Thoya aliupaka kwa ukarimu siku ile. Mwanamke wa mikono kiunoni alisimama mlangoni mwake, akingoja.

Gershom alisema kwanza, kwa kelele. Alisema ule ulikuwa upuuzi wa wanawake, na kwamba mtu hapotezi shamba kwa upuuzi.

Jibril alisimama akiegemea fimbo. "Chifu, mimi sikuwepo siku ile. Nauliza tu. Sheria ya kitambaa ni gani? Ni ndiyo mbili. Ilisemwa ama haikusemwa?"

Rosina akainuka, miwani mkononi. Sauti yake ilikuwa imekatika. "Zilisemwa kwa utani, mwanangu. Mimi ndiye niliyeacha mstari. Kosa ni langu."

"Mwalimu, tunakuheshimu," mzee mmoja wa wafugaji akasema. Alikuwa yuleyule aliyeangusha kofia mwaka ule, au labda ndugu yake. Jua la mwaka mzima lilikuwa limewafanya wote wafanane. "Lakini kitambaa kina mashamba mengi. Na hayo tulisema ndiyo. Kama malka ni utani, na mashamba je? Tuambie ipi ni kweli na ipi ni utani, sisi twende nayo nyumbani."

Rosina alikitazama kitambaa. Miaka yake yote ilikuwa imening'inia pale mbele kwa misumari minne. Alikaa.

Chifu alifuta uso kwa leso. "Wale wawili waliosema ndiyo wapo. Mama Abdia, simama. Siku ile mlicheka au hamkucheka?"

Abdia alisimama. Aliangalia kitambaa, si watu. Mtandio wake ulikuwa umefungwa mpaka kidevuni na mikono imefichwa ndani.

"Sikumbuki kama tulicheka," akasema, kwa ile sauti ya kubembeleza ndama.

Upande wa kulia ulivuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Chifu aliinua mkono. "Mama Asenath."

Asenath alisimama, na baraza zima likageuka kumtazama, kwa maana mdomo ule ulijulikana. Gershom alimpa ishara ya kichwa: sema. Na alikuwa na la kusema. Angeweza kumtaja mzee wa kofia na kijana aliyeshindwa kuinuka. Angeweza kumwuliza Abdia, mbele ya watu wake wote, kama anakumbuka ile ya mlango wa maskini. Yangemtoka kwa mpangilio mzuri, watu wangecheka tena, na Abdia angebaki amesimama pale, mjane mwongo, akitazamwa na kaka yake, huku ng'ombe wa kuinuliwa kwa mkia wakimngoja bomani.

Alimtazama Abdia. Abdia hakumtazama.

"Nilisema ndiyo," Asenath akasema.

"Kwa mzaha?" chifu akauliza.

"Nilisema ndiyo, Chifu. Hilo ndilo nililosema."

Akakaa. Gershom alitema mate chini na kutoka nje.

Ng'ombe walipita kesho yake, kwa ruhusa ya chifu. Asenath aliwahi kuvunja mahindi mabichi aliyoweza, yeye na watoto, tangu alfajiri, kisha akasimama mlangoni. Jibril aliwaongoza vizuri, wachache wale, mbavu zikihesabika, wakiyumba. Lakini nyuma yao walikuja wa jamaa zake, na nyuma ya hao wa jamaa za jamaa zake, maana malka haina mlango na habari ya maji haina miguu lakini hufika. Kufikia Ijumaa tope jeusi lilikuwa njia pana, nyeupe, iliyonyooka. Thoya angeiona angedai malipo.

Wema iliacha kumsalimu. Wanawake wa mtoni waliacha kwenda Mkeka Mmoja, kwanza mmoja mmoja, kisha wote. Walisema hawatajifunza kusoma mahali panapogawa mashamba yao bure. Wanawake wa Kiorma walikaa peke yao mle ndani siku kadhaa, wakiona haya ya mikeka mitupu, nao wakaacha. Mwenye mashine akatia magunia yake chumbani. Rosina alikikunja kitambaa akakirudisha darini, akaenda kukaa kwa binti yake Kipini. Hakuaga mtu. Na Garsen siku za soko, nyuma ya mashine, mtu mwingine alikuwa ameweka viazi.

Halafu asubuhi moja, vumbi la ng'ombe likiwa bado hewani, Asenath alifungua mlango akakuta kibuyu kimetundikwa kwenye nguzo ya ua. Alikijua. Alitoka mpaka njiani, akaangalia kushoto na kulia. Mbali kule mgongo wa mtu mrefu ulikuwa ukiondoka nyuma ya ng'ombe, haukugeuka.

Alikifungua kibuyu, akachungulia.

"Naona mkia wa kambare," alisema kwa sauti, ili kuona kama yupo wa kujibu.

Akayaonja. Yalikuwa mazito, ya mafuta, yenye harufu ya moshi. Aliyaonja tena, akayazungusha mdomoni, akayatafuta maji. Hayakuwemo, hata tone, kama vile dudu halikuwemo katika mahindi aliyompelekea Abdia.

Ndipo akakaa chini mlangoni, kibuyu mapajani, akajitanda kanga kichwani kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.